Chumba cha Giza cha Gody na Kuku wa Debora

Mmenichosha. Kila anayepita hapa Buhare akisikia habari ya ile picha anakuja mlangoni kwangu, "Mama, hebu tusimulie," kama vile mimi ni redio ya kubonyeza. Nina kazi. Nina dagaa juani, na nina kuku kumi na wanne wananiangalia hapa nilipokaa, na kuku wenyewe si wangu. Shule niliishia la pili, na hilo la pili sikulimaliza, mwalimu alinigombeza nikaondoka zangu na kiburi changu, mpaka leo sijarudi. Kwa hiyo kama herufi zimelala ubavu, zisomeni hivyo hivyo zilivyolala. Nasimulia mara moja tu. Atakayekuja kesho kuuliza, mwonyesheni karatasi hii.

Gody ni mtoto wa dada yangu, tumejenga ukuta kwa ukuta. Kazi yake ni kupiga picha, kama baba yake marehemu Lukas, aliyekuwaga na kibanda cha picha za vitambulisho pale Nyasho. Gody ana kamera mbili. Ya kwanza ni ya kadi, nyeusi, nzito, mdomo wake mrefu kama wa korongo. Hiyo ndiyo inayomlisha. Harusi, kipaimara, mahafali, watoto kutimiza mwaka, yote hiyo. Akipiga picha unaiona pale pale mgongoni mwa kamera, na usipoipenda anaifuta, anapiga nyingine, anafuta, anapiga, mpaka mtu unachoka uso wako mwenyewe.

Ya pili aliirithi kwa Lukas. Ni ya mkanda, ya Kirusi, sanduku dogo lenye macho mawili, moja juu ya jingine. Hiyo huiweki usoni. Unaining'iniza shingoni ikae kifuani, unafungua kifuniko cha juu, unainamisha kichwa na kuchungulia ndani, kama mtu anayechungulia chungu aone kama maharage yameiva. Mkanda mmoja ni picha kumi na mbili, basi. Ukishabonyeza, unazungusha kitufe cha ubavuni mpaka namba inayofuata itokee kwenye kidirisha chekundu cha mgongoni. Usipozungusha, picha ya pili inakaa juu ya ya kwanza. Hilo la kuzungusha mlishike, msije mkaniuliza mbele huko.

Watu walikuwa wanamuuliza, "Gody, una mashine nzuri ya kisasa, hilo sanduku la nini?" Yeye anasemaga, "Ile ya kadi nakula nayo. Hii naongea nayo."

Mke wake Debora akisikia hivyo anajibu kutoka jikoni, "Basi iambie ikupikie."

Sasa kisa chenyewe kilikuwa chumba. Nyuma ya nyumba yao kuna kijumba cha tofali za kuchoma, mlango mmoja, dirisha moja dogo. Debora alikijengesha kwa ajili ya kuku wake. Kabla kuku hata mmoja hajaingia, Gody akaomba akitumie wiki mbili asafishie mkanda mmoja. Dirisha akaliziba kwa nailoni nyeusi, mlangoni akaning'iniza blanketi, juu akafunga taa nyekundu, na mezani akapanga mabeseni matatu ya dawa na mashine ya kukuzia picha, ile ya baba yake. Hizo wiki mbili zina miaka minane sasa.

Kuku wakalala jikoni. Wakataga kwenye sufuria ya ugali. Jogoo wao, Debora anamwita Mkurugenzi, alichagua kulala juu ya friji na hakuna aliyemtoa. Ndani ya friji hiyo hiyo Gody anaficha mikanda yake, anasema baridi inaitunza, imekaa nyuma ya sato wa kutoka Mugango. Siku moja Debora alikuta kitu kimeviringishwa kwa karatasi, akakifungua, akakivuta chote juani aone mwisho wake kuna nini. "Kumbe utepe tu," akasema, akaweka mezani. Gody alikaa chini, pale pale sakafuni, na hakula mpaka jioni. Mkanda ukiona jua umekufa.

Halafu akaingia kicheche. Kuku watatu ndani ya juma moja, jikoni, mbele ya friji, na Mkurugenzi juu yake amekaa anaangalia kama anasimamia. Debora akaja kusimama kwenye mlango wa kile chumba. Hakufungua, maana anajua mlango ukifunguliwa picha zinaharibika, na yeye si mtu mbaya.

"Baba Ephraim," akaita.

"Naam, Mama Ephraim."

"Nimekuvumilia miaka minane."

"Najua."

"Hujui. Jumamosi una harusi Butiama. Utaenda na makamera yako yote mawili. Kwenye harusi nzima, akitokea mtu mmoja, mmoja tu, akaona picha ya hilo sanduku akaitaka kuliko za kadi, chumba kibaki chako mpaka uzeeke. Asipotokea, Jumatatu kuku wanahamia, na mashine yako tunaweka juu ya friji."

"Kwa Mkurugenzi?"

"Watazoeana."

Ndani beseni likasogezwa. Kisha Gody akasema, "Sawa." Mimi nilikuwa upande wangu wa ukuta nachambua dagaa, nikasikia yote. Nikajua chumba kimeenda. Nani siku hizi anataka picha ya kungoja?

Harusi yenyewe ilikuwa ya Judith, binti wa Mzee Nathan wa Butiama, anaolewa na Mseti, kijana anayeuza vipuri vya pikipiki Bunda. Mzee Nathan ni mtu wa heshima zake na ana neno moja tu kwa siku, lakini akishalisema wewe husemi tena. Safari hii neno lake lilikuwa ng'ombe. Ng'ombe wa mahari walikuwa wameshafika zamani, lakini aliwapeleka Bugwema kwa mdogo wake, kwa sababu ya majani. Sasa mzee akawaambia kamati ya harusi, ng'ombe waletwe, wasimame kwenye picha ya familia.

"Hao ndio waliotuunganisha," akasema. "Wajomba ambao hawakutoa hata kwato watasimama mbele, halafu ng'ombe wenyewe wasionekane?"

Kamati ikakaa. Shangazi wa bwana harusi, anaitwa Robi, mama wa Bunda mwenye kofia ya harusi pana kama ungo, ndiye aliyemaliza kikao. "Mimi nguo yangu ni nyeupe," akasema. "Siwezi kusimama na mtu anayekunya akiwa amesimama."

Ng'ombe wakakataliwa. Mzee Nathan alinyanyua tu fimbo yake akaiweka upande mwingine. Gody alikuwepo siku hiyo kuchukua oda, akaona uso wa mzee, ukamkaa moyoni.

Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, Gody alipanda pikipiki kwenda Butiama kuangalia uwanja na jua litakaa wapi. Badala ya kunyoosha, akazungukia Bugwema. Ukimuuliza sababu hana. Anasema alitaka tu kuwaona hao ng'ombe. Mkandani alishapiga picha kumi na moja, imebaki ya kumi na mbili, na mtu mwenye picha moja iliyobaki, anasema, anaanza kuona dunia vizuri.

Akawakuta asubuhi ile wametoka zizini, wamesimama kwenye mawe makubwa meusi, mvuke unawatoka puani. Mbele yao dume moja jeupe, pembe zimekunjika kwa ndani kama linataka kujikuna. Gody akasogea. Kamera ya kadi akaiacha kwenye begi. Akafungua kifuniko cha lile sanduku, akainamisha kichwa.

Sasa wewe msomaji kama ni mtu wa Mara, umeshaelewa. Kama si wa Mara ngoja nikuelekeze: dume ukiliinamishia kichwa, lenyewe linajua jambo moja tu.

Gody yeye alikuwa anaangalia ndani ya sanduku. Aliliona dume dogo, zuri, limegeuka kushoto kulia, maana ile kamera inageuza vitu. Akabonyeza. Halafu akaona dume dogo limeanza kuwa kubwa. Akafikiri, picha gani hii inasogea. Kunyanyua uso, pembe hizo hapo.

Anasema hakukimbia. Mke wa yule mdogo wake Nathan anasema alikimbia, akaruka ua wa miba, akapanda jiwe ambalo hata watoto wa pale hawalipandi, akakaa juu ameikumbatia kamera kama mtoto mchanga. Mama huyo akaja na kifimbo cha kuchochea moto, akaligusa dume mgongoni, likaondoka taratibu kama lilikuwa linapita tu.

"Shikamoo mama," Gody akasema kutoka juu.

"Marahaba. Ulikuwa unalifanya nini?"

"Nalipiga picha."

"Unaliinamia dume, ulitaka likujibu nini? Shuka. Umechana suruali nyuma."

Akashuka, akashukuru, akawasha pikipiki, mkono mmoja umeshika suruali. Kile kitufe cha ubavuni hakukizungusha. Mambo ya suruali yalikuwa mengi.

Jumamosi harusi ikafungwa vizuri, watu wakahamia nyumbani kwa Mzee Nathan. Utaratibu wa pale unajulikana: picha ya familia kwanza, chakula baadaye. Watu wakishakula, picha hupigi, huyu ana mafuta kwenye tai, yule amelala, mjomba ameshapanda gari na mfupa wake. Kwa hiyo masufuria ya pilau yalikuwa yamefunikwa nyuma ya nyumba, yananukia kwa makusudi, na pande mbili za ukoo zimepangwa kwenye viti na mabenchi, watu kama hamsini.

Gody akashika ile ya kadi. Akafumba jicho moja, akapiga. Hapo hapo watu hamsini wakaondoka kwenye nafasi zao wakaja kuangalia mgongo wa kamera.

"Nimefumba macho. Futa," akasema shangazi Robi.

Wakarudi, wakapangwa upya. Akapiga. Wakaja.

"Mimi siko hivi," akasema mjomba mmoja.

"Upo hivyo, mjomba," akasema Judith, bibi harusi, shela imeshaanza kulowa jasho.

"Siko hivi. Futa."

Wakarudi. Akapiga. Shangazi Robi akasema kofia imemfanya mfupi. Akaivua. Akapiga. Akasema sasa nywele. Akaivaa. Mama mmoja wa Mugango akataka ipigwe upya kwa sababu alikuwa anameza mate, na pilau ndiyo iliyosababisha. Bwana harusi Mseti mwenyewe, ambaye ndiye angesema yaishe, akaomba irudiwe kwa sababu soksi moja ilionekana ndefu kuliko nyingine. Kila wakifuta wanaonyesha kidole kwenye kioo, kioo kimejaa jasho la vidole, Gody anakifuta na tai yake. Picha ishirini na sita, nasikia. Na zote ishirini na sita zimefutwa, maana Gody ana udhaifu huo, mtu akimwambia futa anafuta.

Wingu likaanza kupanda kutoka upande wa ziwa. Sauti ya mfuniko wa sufuria ikasikika nyuma ya nyumba, mtu ameanza kuonja. Mzee Nathan, ambaye muda wote hakuwa ametoka kwenye kiti chake, akagonga fimbo chini.

"Kijana. Hiyo nyingine ya kifuani."

"Naam mzee."

"Inaonyesha?"

"Haionyeshi, mzee. Mpaka Jumatatu."

"Inafuta?"

"Haifuti."

"Zimebaki ngapi?"

Gody akachungulia kidirisha chekundu mgongoni. Namba kumi na mbili hiyo hapo, inamwangalia. Akakumbuka Bugwema, akakumbuka jiwe, akakumbuka suruali, lakini kama alizungusha au hakuzungusha, kichwa kilikuwa cheupe. Namba imekaa, basi ipo.

"Imebaki moja, mzee."

"Hiyo hiyo," akasema Mzee Nathan.

Ndugu zangu, hapo laiti Debora angekuwepo akaona. Watu hamsini wakasimama kama wamemwona askofu. Mjomba akaingiza tumbo. Shangazi Robi akafungua macho makubwa akayaacha wazi, machozi yanatoka. Mama wa Mugango akameza mate mapema kabisa ayamalize. Hakuna aliyekuwa na pa kwenda kuangalia, hakuna wa kumwambia futa, kila mtu akabaki na uso wake. Gody akafungua kifuniko, akainamisha kichwa mbele yao.

"Huyu ana adabu," Mzee Nathan akasema bila kusogeza midomo. "Ile nyingine alikuwa ananifumbia jicho moja kama anataka kunipiga risasi. Hii ananiinamia."

Kli. Mara moja. Watu wakaenda kula, na tone la kwanza la mvua likaangukia sufuria.

Jioni Gody akarudi Buhare anapiga mluzi. "Mama Ephraim, kuna mtu amechagua. Mzee Nathan mwenyewe."

Debora akamsikiliza mpaka mwisho, anachambua mchele. "Huyo hakuchagua picha," akasema. "Huyo alichagua pilau. Aione Jumatatu, akiipenda kuliko za kadi, hapo nitanyamaza."

Jumapili, alipotoka kanisani, Gody akaingia chumbani kwake na mkanda. Mimi nimewahi kuingia humo mara moja, kwa ubishi wangu, nikitaka kujua mwanaume mzima anafanya nini gizani na mabeseni. Kuna harufu kali ya dawa inapanda mpaka kwenye paji la uso. Anaweka karatasi nyeupe kwenye beseni, anaitikisa kidogo kwa vidole, na wewe huoni kitu, unaona karatasi imelowa. Halafu pale katikati kunatokea kama moshi. Halafu moshi una pua. Halafu ni mtu unayemfahamu, anakuja kutoka chini ya maji taratibu kukusalimia. Nilitoka humo nikamwambia Debora ni upuuzi. Lakini nilitoka baada ya picha sita.

Basi Jumapili hiyo Gody akatia karatasi ya picha ya familia kwenye beseni. Mkanda wenyewe haukuwa umemwambia kitu, maana kwenye mkanda nyeusi inakuwa nyeupe na nyeupe inakuwa nyeusi, na watu hamsini wanaonekana kama tope. Akatikisa. Kikatokea kitu. Akategemea shela ya Judith.

Ilikuwa pembe.

Akafikiri dawa imechacha. Akatikisa tena. Ikatokea pembe ya pili, halafu kati ya pembe kikaja kichwa, na dume lote jeupe la Bugwema likasimama katikati ya bibi na bwana harusi, limetazama mbele, na ukiliangalia vizuri unaona tai ya Mseti inapita tumboni mwake. Nyuma ya wajomba, migongo ya ng'ombe imejipanga kama milima. Kwenye kofia ya shangazi Robi, juu kabisa, umeota mkia.

Gody akaangalia kile kitufe cha ubavuni mwa kamera. Kitufe kikamwangalia. Akakaa juu ya ndoo.

Baada ya muda Debora akagonga. "Baba Ephraim, umekufa humo?"

"Bado," akajibu.

Jumatatu ikafika kama inavyofikaga, mapema. Gody akatoa mabeseni nje mwenyewe, moja moja, bila kuambiwa, na hilo ndilo lililomwogopesha Debora, maana alikuwa amejiandaa kugombana. Ile picha aliiacha ndani imening'inia kwenye kamba kwa kibanio cha nguo, anaona aibu kuichana na anaona aibu kuitoa. Debora akaanza kukamata kuku. Alikuwa amemshika Mkurugenzi kwapani pale gari lilipopiga honi getini.

Ni Mzee Nathan kutoka Butiama, amekuja na mkwe wake Mseti na shangazi Robi, wamekuja kuchukua picha zao. Wakasalimiana, wakakaa kwenye viti nje, na mimi nikasogeza dagaa zangu karibu na ukuta.

Gody akawawashia kompyuta. Picha za kadi zilikuwa nzuri kweli. Judith anacheka, Judith anakata keki, pilau, pete, soksi za Mseti zimelingana.

"Ya familia iko wapi?" akauliza Mzee Nathan.

"Hakuna, mzee. Mlisema nifute."

"Zote?"

"Zote ishirini na sita."

Mzee akamgeukia shangazi Robi. Shangazi Robi akaangalia mti.

"Na ile ya kifuani?"

"Imeharibika, mzee. Kosa ni langu."

"Imeharibikaje?"

Debora ndiye aliyesogea. Yeye si mtu wa kuficha kitu, na tena alitaka jambo liishe kuku waingie. Akaenda chumbani na Mkurugenzi wake kwapani, akabandua picha kwenye kibanio, akaja akamwekea mzee magotini.

Mzee Nathan akatoa miwani, akaivaa. Akaisogeza picha mbali. Akaileta karibu. Shangazi Robi akachungulia juu ya bega lake.

"Kuna mkia kichwani kwangu," akasema.

"Ni wa yule mwekundu," Mzee Nathan akasema. "Mkia mzuri."

"Baba Judith, nimeota mkia."

"Nimesikia." Kidole chake kilikuwa kinatembea taratibu kutoka mgongo mmoja hadi mwingine, kama anawapapasa. "Huyu hapa. Huyu ndama wake. Huyu mpole. Na jeupe limesimama palepale panapotakiwa." Akavua miwani, akamwangalia Gody. "Nani aliwaleta?"

Gody akaeleza yote, Bugwema, dume, jiwe, suruali, kitufe. Hakuficha kitu. Alipofika kwenye suruali Mseti aligeuka pembeni akaziba mdomo.

"Kwa hiyo walikuja wenyewe," akasema Mzee Nathan. "Kamati imewakataza, na wamekuja."

Mseti, kijana mwema lakini anakaa Bunda na kompyuta, akataka kusaidia. "Baba, usijali. Tukimpa mtu ile ya mkanda, ataiingiza kwenye kompyuta. Siku hizi kitu kinatolewa kabisa, hutajua kilikuwepo. Ng'ombe tutawatoa."

Mzee Nathan akakunja miwani.

"Mkwe wangu," akasema. "Ukiwatoa ng'ombe, na Judith umtoe, arudi nyumbani."

Mseti akasema hapana baba, wabaki, wabaki wote.

"Hizo nyingine chukueni nyie," mzee akasema, akionyesha kompyuta kwa fimbo. "Mimi nataka hii. Kubwa, ya ukutani. Nataka anayeingia kwangu aione kabla hajaniona mimi."

Nikasikia kitu kinaanguka. Ni Mkurugenzi, Debora amemwachia. Jogoo akajikung'uta, akaondoka na hasira zake kuelekea jikoni, kwenye friji. Debora akajishika kiuno. Halafu akaokota beseni la kwanza akalirudisha chumbani. Akarudi akachukua la pili. Gody alitaka kumsaidia, akamwambia, "Kaa na wageni, Baba Ephraim."

Shangazi Robi alikuwa bado ameishika picha. "Lakini macho yangu humu yako wazi," akasema taratibu. "Picha ishirini na sita, hii peke yake ndiyo macho wazi." Akaigeuza jua liipige vizuri. "Na mimi nipatie moja. Ila mkia upunguze."

"Haupungui, shangazi," Gody akasema. "Mkanda haufuti."

"Basi uache. Nitasema ni mtindo."

Tangu hapo watu wanatoka mpaka Bunda kumtafuta Gody, kila mtu anataka picha na ng'ombe wake juu ya kichwa. Anajaribu. Mara moja imetokea ng'ombe peke yake na kanisa mgongoni, mara nyingine imetokea nyeusi tupu, na mwenye picha amelipokea hilo jeusi akasema ng'ombe wake yumo, amelala. Ile ya kadi bado ndiyo inayonunua unga. Lakini jioni blanketi la chumbani likishushwa nasikia anapiga mluzi humo ndani, na Debora siku hizi anagonga, anauliza, "Imetokea?" na akiambiwa inakuja anazima taa ya nje, anaingia. Wanakaa humo. Wanacheka. Mimi siulizi.

Ila kuku. Debora alishindwa chumba, kuku hakuwashindwa. Kicheche bado yupo, jikoni hapafai, akaja kwangu na kuku wake kumi na wanne na Mkurugenzi mbele, akaniomba jiko langu kwa wiki mbili. Wiki mbili za nyumba ile mnazijua. Huyo jogoo sasa hivi amekaa juu ya kabati langu la vyombo, ananiangalia ninavyoandika.

Kwa hiyo wewe uliyesoma mpaka hapa kwa raha zako, hujasoma bure. Tofali za banda la kuku ninazo, zimebaki za choo. Nataka mabati manne, misumari ya bati, na wavu usiopitisha kicheche. Na nyundo njoo na yako, ya kwangu Gody ameiazima. Ukifika Buhare uliza nyumba yenye kuku mlangoni. Uje asubuhi, kabla jua halijawa kali. Tukimaliza, nitamwambia Gody akupige picha na lile sanduku, na wewe utasimama wima, macho wazi, na hutasema futa.